Pumzi 18: uchambuzi wa kisa cha mama aliyepewa kadi ya kijani

Mama alifika Jumatatu, saa mbili kasoro dakika 20 asubuhi, kwa bajaji, akiwa na binti yake. Hospitali ni ya mkoa, ukanda wa pwani wa Tanzania. Umri wake na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Namba za vipimo nimeziacha zilivyo, kwa sababu kisa chote kimo ndani ya namba hizo.

Saa nne na robo binti alinyanyuka akaenda mezani. "Nesi, mama yangu anaongea ovyo." Kati ya nyakati hizo mbili mama alikuwa benchini, kwa muda wa saa mbili na dakika 35, kadi ya kijani mkononi. Kijani kwetu ni mgonjwa anayeweza kusubiri kwa muda wa hadi saa nne nzima.

Wauguzi wa meza ile ya triaji, yaani ya kuchambua nani aonwe kwanza, niliwafundisha mimi. Mafunzo yalikuwa yamekwisha wiki tatu nyuma: siku tatu ukumbini, mtihani siku ya mwisho. Muuguzi aliyempokea mama alipata 46 kati ya 50. Si mzembe na si mgeni wa kazi, ana miaka sita wodini. Jioni ya siku ile nilikaa naye tukapitia karatasi mstari kwa mstari, na kadiri tulivyosonga ndivyo nilivyozidi kuona kwamba alikuwa amefanya kile kile nilichomfundisha. Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi, na ndicho ninachotaka wakufunzi wenzangu wakitazame.

Kilichoandikwa

Mwanamke, miaka 54. Kiungulia, kichefuchefu, amechoka tangu juzi, anasema vidonda vya tumbo vimemrudia. Anatembea. Joto 36.4. Mapigo ya moyo 98. Presha 104 kwa 66. Oksijeni kwa kifaa cha kidoleni asilimia 98. Pumzi 18 kwa dakika. Ufahamu kamili. Hakuna jeraha.

Mfumo tunaotumia ni wa Afrika Kusini. Ulitungwa na Cape Triage Group, kundi lililoanza kazi mwaka 2004, ukaingia hospitalini katika jimbo la Western Cape mwaka 2006, kisha ukasambaa nchi nyingi za bara hili. Nguvu yake ni kwamba waliouunda walijua mezani hakuna daktari. Yupo muuguzi, pengine muuguzi msaidizi, na foleni. Basi wakampa vitu saba vya kutazama: anavyotembea mgonjwa, kasi ya kupumua, mapigo ya moyo, namba ya juu ya presha, joto, ufahamu, na kama ameumia. Kila kimoja kina alama zake. Jumla ikiwa 7 au zaidi ni nyekundu, anaingia hapo hapo. Alama 5 au 6 ni chungwa, aonwe ndani ya dakika 10. Alama 3 au 4 ni njano, ndani ya saa moja. Chini ya hapo ni kijani. Pembeni ya alama kuna orodha ya dalili za hatari ambazo zinampandisha mgonjwa rangi hata kama jumla yake ni ndogo.

Kwa mama huyu, pumzi 18 zilimpa alama 1. Vingine vyote sifuri. Jumla 1, kijani. Hesabu haina kosa.

Saa nne na robo

Nilikuwa chumba cha pili nikisikia sauti ya binti. Tulimlaza mama kwenye machela nikamhesabia pumzi mwenyewe, dakika nzima, jicho moja kwenye saa ya mkononi. Zilikuwa 36. Hazikuwa pumzi fupi fupi za mtu mwenye nimonia. Zilikuwa ndefu, za kina, kifua kinapanda chote na kushuka chote, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi za ghorofa nne, ilhali amelala chali. Mdomoni palitoka harufu ya tunda lililoiva likapitiliza. Mapigo 128, presha 92 kwa 58. Akiitwa jina anafumbua macho, akiachwa anayafumba. Kidoleni bado asilimia 98.

Kipima sukari hakikutoa namba. Kiliandika HI, yaani sukari imepita upeo ambao kifaa kinaweza kusoma. Mkojo ulikuwa na ketoni tele. Alama zake sasa zilikuwa 9.

"Mama ana sukari?" niliuliza.

"Ndiyo," binti alisema. "Sindano zake ziliisha Ijumaa, tulikuwa tunangoja leo tuje kuchukua nyingine."

Asubuhi hakuna aliyemwuliza, na yeye aliona si jambo la kusema, maana alikuja kwa ajili ya vidonda vya tumbo.

Mwili ukikosa insulini hauwezi kuitumia sukari iliyojaa kwenye damu, basi unageukia mafuta. Mafuta yakichomwa hutoa ketoni, nazo ni asidi. Damu ikianza kuwa na asidi, mwili unatafuta njia ya kuipunguza, na njia ya haraka iliyo karibu ni mapafu: kupumua kwa nguvu na kwa kina ili kutoa hewa ya kaboni, maana hewa hiyo nayo ni asidi ndani ya damu. Mapafu yenyewe hayana ugonjwa, ndiyo maana kifaa cha kidoleni kinaendelea kusoma 98 na kumtuliza kila anayekitazama. Joto linaweza kuwa la kawaida kabisa. Presha inaweza kushikilia kwa saa nyingi. Kitu ambacho huwa kimekwisha kusema ukweli mapema ni pumzi.

Mama alipewa maji ya mshipani, potasiamu ikapimwa, insulini ikaanza taratibu. Siku ya pili aliuliza nani amemshikia mkoba wake. Siku ya sita aliruhusiwa. Nasema haya mapema ili msomaji asisome kwa hofu, maana sehemu ngumu ya kisa haiko kitandani.

18 ilitoka wapi

Jioni nilimwuliza muuguzi alivyohesabu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, sikuhesabu. Nilimtazama, anaongea vizuri, nikaandika."

Nilifungua daftari la triaji ukurasa wa siku ile. Nikashusha kidole kwenye safu ya pumzi: 20, 18, 18, 20, 20, 18, 22, 18, 20. Mzee mwenye pumu, 20. Kijana aliyejikata kidole, 20. Nikarudi nyuma wiki moja, ni vile vile, mwandiko wa watu sita tofauti. Muuguzi huyu hakuwa peke yake. Na kusema kweli nilipokuwa mchanga kazini nami niliandika 20 nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Ukiitazama meza yenyewe, unaelewa. Presha ina mashine: unafunga mkono, unabonyeza, namba inakuja. Joto lina kipimajoto. Mapigo siku hizi yanasomwa na kifaa kile kile cha kidoleni, hata kumshika mgonjwa kifundo cha mkono hakuna haja. Kila kipimo kina kitu kinachokupa namba. Pumzi haina. Pumzi inataka wewe usimame kimya dakika moja, umtazame mtu, uhesabu. Na dakika moja ya kusimama kimya mbele ya foleni ya watu 40 ni ndefu mno. Watu wanaanza kunong'ona. "Sista amezubaa." Mwingine anaita kwa sauti, "Jamani, tunaumwa huku!" Muuguzi anayehesabu pumzi, kwa mtu asiyejua, anafanana na muuguzi asiyefanya kazi. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama kwenye saa tano na dakika 20, na haikuwa ya jana. Simu za mkononi zimekatazwa mezani, na mimi niliunga mkono katazo hilo.

Haya ni mazingira, na yana uzito wake. Lakini sababu iliyonigusa zaidi ilikuwa kwenye boksi la vifaa vyangu vya kufundishia, ambalo lilikuwa bado nyuma ya gari.

Ndani ya boksi kuna kadi 60 za mazoezi. Nilizitayarisha kwa uangalifu mkubwa na nilikuwa najivunia kazi ile. Kila kadi ina mgonjwa: "Mwanamume, miaka 35, anakohoa, pumzi 28, mapigo 116, presha 110 kwa 70, joto 38.9. Mpe rangi." Wauguzi wanakaa vikundi, wanajumlisha, wanabishana, wanainua bendera ya rangi. Ukumbi unachangamka. Mwisho wa siku ya tatu kila mmoja anajumlisha bila kutazama jedwali. Mtihani nao ni kadi zile zile kwa sura nyingine.

Katika kadi zote 60, namba ya pumzi imekwisha kuandikwa.

Kwa siku tatu niliwafundisha kwamba pumzi ni namba unayopewa. Hakuna hata saa moja ambayo muuguzi alisimama mbele ya mtu hai, kifua kikipanda na kushuka, akaitafuta namba hiyo mwenyewe. Nilipima uwezo wao wa kujumlisha, wakafaulu. Kisha nikawapeleka mezani, mahali ambapo kujumlisha ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, na ugumu wote uko kwenye kupata cha kujumlisha. Palipokosekana kadi ya kuwapa 28, waliweka namba iliyokuwa karibu na mkono.

Kwa hiyo nikisikia mwenzangu akisema wauguzi wamefundishwa triaji lakini hawafuati, siku hizi naomba kwanza nione kadi zake.

Salamu

Muuguzi alisema mama aliongea vizuri. Nilimwomba anirudie maneno aliyoyasikia.

"Nilimwamkia shikamoo mama, akasema marahaba mwanangu. Nikamwuliza unaendeleaje, akasema alhamdulillahi, nguvu tu zimeniishia."

Sisi watu wa huku tunajua salamu zetu. Mtu mzima anaitikia marahaba hata akiwa anakata roho. Ukimwuliza habari atasema nzuri, kisha ndiyo aanze kueleza mabaya. Ni adabu, na mama yule alikuwa mtu wa adabu. Muuguzi akaisoma adabu kama afya. Tena majibu ya salamu ni mafupi: neno moja, maneno matatu. Mtu anayehema anaweza kuyatoa yote kwa pumzi moja, nawe usigundue kitu.

Binti alinieleza baadaye kwamba njiani kwenye bajaji mama alikuwa akisema maneno mawili, anavuta hewa, anasema mengine mawili. Sasa tunafundisha kwamba baada ya salamu muuguzi aombe habari ndefu: "Hebu niambie mama, tangu mmetoka nyumbani mpaka hapa mmepitia wapi?" Kisha anyamaze asikilize sentensi inakatikia wapi. Anasikiliza jibu na papo hapo anasikiliza mapafu. Swali la pili linafuata hapo hapo bila kujali mgonjwa amekuja na malalamiko gani: "Una dawa yoyote unayotumia kila siku? Imeisha lini?" Kwa mwenye sukari swali hilo linaleta kipima sukari mezani, na katika mfumo wetu mwenye sukari ambaye kipimo kimepita 11 na mkojo una ketoni anapanda chungwa moja kwa moja, alama ziwe zozote.

Kutembea je? Karatasi ilisema anatembea, na kweli mama alitoka kwenye bajaji kwa miguu yake. Ila mkono wa binti ulikuwa chini ya kwapa lake njia nzima. Kutembea kwa msaada ni alama 1, siyo sifuri. Muuguzi alimwona mama akiwa amekwisha kukaa, kwa sababu meza ya triaji iko baada ya dirisha la kuandikisha faili, pembeni ya benchi. Asiyeona mlango haoni nani ameingia kwa kushikwa mkono. Meza imehamishwa mita 9 hivi, sasa inatazama lango, na dirisha la faili linakuja baadaye. Uhamisho huo uligharimu mchana mmoja na waya wa umeme.

Tukisema asubuhi ile pumzi zingekuwa 28 tu, siyo 36, ni alama 2. Msaada wa kutembea, 1. Jumla 3, njano, ndani ya saa moja. Swali la dawa lingeongezwa hapo, kipima sukari kingeletwa, angepanda chungwa. Rangi mbili juu ya ile aliyopewa.

Alichokiona asikiandike

Hapa ndipo mazungumzo yetu ya jioni yalipokuwa mazito. Tulikuwa tumemaliza karatasi, chai imepoa, akasema bila mimi kuuliza: "Lakini mama, mimi nilimwona hayuko sawa. Nilimwangalia mara mbili. Nikajumlisha tena, ikaja 1 tena."

Nikamwuliza mbona hukumpandisha.

"Jumla ilikuwa 1."

Mfumo wenyewe unamruhusu mtaalamu mwenye uzoefu kupandisha rangi akiona mgonjwa ni mbaya kuliko namba zake. Imeandikwa. Nilikuwa nimeitaja siku ya kwanza, dakika mbili kabla ya chakula cha mchana, kwa sauti ya mtu anayemalizia mada. Muuguzi aliisikia kama ruhusa ya daktari. Yeye, miaka sita wodini, hakujihesabu kuwa ndiye mtaalamu anayesemwa pale. Na ni kweli pia kwamba wiki moja kabla mwenzake alimpandisha mtoto rangi kwa hisia tu, daktari wa zamu akamwuliza mbele ya watu, "Alama zake ngapi?" Mtoto alikuwa na malaria ya kawaida, na kila mtu mezani alijifunza somo ambalo hakuna mkufunzi aliyelipanga.

Muuguzi aliyeshika wagonjwa miaka sita amebeba kichwani mamia ya nyuso. Akisema huyu hayuko sawa, amelinganisha uso huu na nyuso hizo zote kwa muda mfupi kuliko anavyoweza kueleza. Kumnyamazisha kwa jedwali ni kupoteza kipimo cha nane. Tulikubaliana na daktari mkuu wa idara, na hili lilihitaji vikao viwili visivyo vitamu, kwamba kwenye karatasi kuwe na mstari: "Muuguzi amepandisha kwa sababu…" na kwamba aliyepandishwa anaonwa kwa rangi mpya bila mjadala mbele ya mgonjwa. Kujadili ni baadaye, kwenye chai. Kushusha rangi kwa hisia hakuruhusiwi.

Kuhusu kumpima upya mgonjwa anayesubiri sina mengi. Hakukuwa na mtu aliyepangiwa kazi hiyo, basi haikufanyika. Sasa yupo mmoja kila zamu, anapita benchini kila saa moja, na anaanza na wale waliokuja na ndugu, kwa sababu ndugu ndio wanaojua kama mtu amebadilika.

Mafunzo ya pili

Tulirudia, na safari hii boksi la kadi lilibaki kwenye gari mpaka siku ya mwisho. Wauguzi walikuja wawili wawili benchini, saa za kazi, kwa zamu ya saa moja na nusu kila siku kwa wiki mbili. Zoezi lilikuwa moja tu mwanzoni: wote wawili wamhesabie mgonjwa mmoja, dakika nzima, kila mmoja anaandika kwenye kiganja bila kumwonyesha mwenzake. Wakipishana zaidi ya 2, wanarudia. Siku ya kwanza walipishana 6, 8, jozi moja walipishana 11 kwa mgonjwa mmoja aliyekaa kimya kabisa. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alijua kwa namba hizo ni rangi ngapi zimepotea.

Nilijifunza pamoja nao. Kwa mfano, kwenye ukanda wetu nusu ya wanaokuja ni kina mama waliovaa buibui au kujitanda kanga mbili, na kifua hakionekani. Vitabu vyote vinasema tazama kifua. Muuguzi mmoja mzee, aliyekuwa wodi ya wazazi miaka mingi, alituonyesha: tazama pindo la kanga pale linapokunjika begani. Linapanda na kushuka hata kama kifua kimefunikwa. Kama halionekani, weka kiganja mgongoni, chini kidogo ya bega, kama unayemfariji. Mama hatoshtuka, na kiganja kinahesabu vizuri kuliko jicho. Kwa mtoto mdogo tazama tumbo, akiwa mapajani kwa mama yake, kabla hujamgusa na chochote, maana akianza kulia hesabu imekwisha. Kwa mtu mzima mwenye kujitazama, shika kifundo cha mkono kana kwamba unasoma mapigo. Akijua unahesabu pumzi anaanza kuzipanga.

Saa za ukutani tulinunua mbili, zenye mshale wa sekunde, na betri za akiba zikafungwa kwa utepe nyuma ya saa. Juu ya benchi tukabandika tangazo kwa maandishi makubwa: "Muuguzi akisimama kimya mbele yako, anahesabu pumzi. Tafadhali tusimkatize." Sikutegemea sana karatasi ile. Lakini siku ya tatu nilimsikia mzee mmoja akimwambia kijana aliyekuwa akilalamika, "Subiri, anahesabu huyo."

Kuna mtu atauliza kama mambo madogo namna hii yanaweza kweli kubadilisha vifo. Pale Blantyre, Malawi, katika hospitali ya Queen Elizabeth Central, watoto walio taabani walikuwa wakisubiri foleni moja na wenye mafua. Wauguzi walifundishwa kuwachambua, na papo hapo foleni yenyewe, vyumba na njia ya mgonjwa vikapangwa upya. Vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya 10 na 18 kwa kila 100 hadi kati ya 6 na 8, kama ilivyochapishwa mwaka 2006. Kazi ya aina ile ndiyo iliyozaa mafunzo ya ETAT (kuchambua, kutathmini na kutibu dharura za watoto) ya Shirika la Afya Duniani ambayo wengi wetu tumeyapitia. Nikitaja Blantyre watu hukumbuka mafunzo, wakasahau kwamba benchi nalo lilihama.

Sisemi kadi hazina kazi. Siku ya mwisho nilizitoa. Tofauti ni kwamba nilikuwa nimefuta namba ya pumzi kwenye zote 60 kwa kalamu nzito nyeusi. Mahali pake niliwapa picha jongevu fupi nilizozirekodi kwa simu, kwa idhini ya wenyewe, bila kuonyesha nyuso: bega linapanda, pindo la kanga linapanda, tumbo la mtoto. Dakika moja kila moja. Huwezi kuinua bendera mpaka uwe umehesabu. Ukumbi ule ulikuwa kimya kuliko ukumbi wowote niliowahi kufundisha.

Daftari

Wiki ya sita nilirudi bila kutoa taarifa nikafungua daftari la triaji. Nilikuwa najua ninachokitafuta. Anayehesabu nusu dakika akazidisha mara mbili atapata namba shufwa siku zote, na anayeandika kwa mazoea anaandika 18 na 20. Anayesimama dakika nzima ndiye anayeleta witiri.

Safu ilisomeka 17, 22, 19, 26, 15, 20, 23, 18.

Mstari wa tisa ulikuwa wa mwanamke wa miaka 27, kikohozi siku nne, ameingia akitembea mwenyewe, ameitikia salamu vizuri. Mapigo 118. Pumzi 31. Jumla 5, chungwa. Mwandiko niliutambua, ulikuwa wa yule muuguzi wa mama. Kwenye safu ya mwisho, muda aliosubiri kabla ya kuonwa na daktari: dakika 7.